Ukisaini karatasi ya siri, umesaini nini hasa?

Ndugu zangu habari za mchana, wazee wangu mlioko mbele shikamoni, na asanteni waandaaji kwa kunipa hii nafasi. Nimeombwa niongee juu ya ile karatasi ambayo karibu kila mmoja wenu mwenye kazi ya ofisi, ya kol senta, ya kompyuta, siku hizi hata ya hoteli, amepewa siku ya kwanza akaisaini bila kuisoma, wengine wanaiita NDA, wengine mkataba wa usiri, mimi nitaiita tu karatasi ya siri. Nimeulizwa mambo mawili, je ni ya haki, na je ina nguvu mahakamani. Nitayajibu yote lakini kwanza niseme msimamo wangu mjue nasimama wapi: mwajiri ana haki ya kulinda siri ya biashara yake, hilo sina ubishi nalo kabisa, lakini hana haki ya kulinda uovu wake kwa saini yako. Na karatasi nyingi ninazoletewa zimeandikwa kwa namna ambayo hayo mawili yanachanganyika mpaka mfanyakazi hajui lipi ni lipi, na hapo ndipo hasira yangu ilipo.

Tuanze na ile siku yenyewe maana mambo huharibikia hapo. Umetafuta kazi mwaka mzima, umeitwa, Jumatatu saa mbili asubuhi uko HR, unawekewa rundo la makaratasi, fomu ya benki, ya kodi kule KRA, ya mafao ya uzeeni kule NSSF, ya bima, mkataba wenyewe, na katikati hapo kuna kurasa tatu nne za maandishi madogo, na dada wa HR ana watu wengine wanamsubiri nje ya mlango kwa hiyo anakwambia saini hapa, na hapa, na hapa chini andika herufi za jina lako. Hakuna anayekwambia nenda nayo nyumbani uisome. Hakuna anayekupa kopi. Na ndani yake kuna sentensi moja nimeiona mara nyingi mpaka nimeihifadhi kwa ghibu, kwamba mfanyakazi hatamwambia mtu yeyote taarifa yoyote ya aina yoyote aliyoipata akiwa kazini, iwe imeandikwa au imesemwa, wakati wa ajira na baada ya ajira, bila kikomo.

Isikilizeni tena polepole. Taarifa yoyote. Mtu yeyote. Bila kikomo. Mshahara wako ni taarifa. Mlango wa dharura uliofungwa kufuli ni taarifa. Supavaiza anayekushikashika ni taarifa. Pesa za NSSF zinazokatwa kwenye pesilipu na hazifiki NSSF, hizo pia ni taarifa. Na huyo mtu yeyote ni pamoja na mume wako au mke wako, daktari wako, afisa wa leba, polisi na wakili. Sasa mniambie, kati ya hayo yote siri ya biashara iko wapi?

Kuna siri za kweli jamani, tusijidanganye. Mtu wa benki anaona akaunti za watu, nesi anaona majibu ya vipimo, kijana wa kompyuta anaona maandishi ya ndani (code) ya programu ambayo kampuni imeigharamia miaka mitano, mpishi anajua mchanganyiko wa viungo ambao ndio unaoleta wateja. Hizo ukitoka nazo ukaziuza umemwibia mtu, na kwa zile zinazohusu data za wateja Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, inakubana hata kama hukusaini karatasi yoyote. Sitasimama hapa kumtetea mtu aliyebeba orodha ya wateja kwenye flashi usiku wa kuamkia siku aliyoacha kazi.

Lakini ngoja niwaambie habari ya David Munyakei, maana vijana wengi hawamjui na inaniuma kwamba hawamjui. Alikuwa karani Benki Kuu ya Kenya, kijana tu, kaajiriwa 1991. Mwaka 1992 akawa anaona karatasi za malipo zinapita mezani kwake, hela nyingi kupita kiasi, zinakwenda kampuni moja inayoitwa Goldenberg International, eti fidia ya kuuza nje dhahabu na almasi, na Kenya wakati ule haikuwa na dhahabu wala almasi za kuuza kiasi hicho. Akauliza ndani, hakupata jibu la maana. Akatoa kopi, zikafika kwa wanasiasa wa upinzani, na 1993 zikasomwa Bungeni, ndio nchi nzima ikajua Goldenberg. Na yeye? Alikamatwa, akashtakiwa kwa Sheria ya Siri za Serikali. Mashtaka yenyewe hayakusimama, mwaka huohuo kesi ikaanguka, lakini kazi walikuwa wameshamfuta. Akakimbilia Mombasa, akaishi kwa shida, baadaye akatoa ushahidi mbele ya tume ya Jaji Bosire iliyochunguza Goldenberg, mwaka 2004 akapewa tuzo ya uadilifu, na 2006 akafariki akiwa maskini.

Angalieni vizuri kilichotokea pale. Mahakamani alishinda. Maishani alishindwa. Ndio maana mtu akiniuliza hizi karatasi zina nguvu mahakamani huwa namwambia swali hilo ni nusu tu, kwa sababu nguvu kubwa ya karatasi ya siri haiko mahakamani, iko kwenye tumbo lako usiku ukiwaza kodi ya nyumba. Kampuni nyingi hazina haja ya kushtaki mtu, barua moja tu ya wakili yenye nembo ikija kwa barua pepe inatosha, mtu ananyamaza, anafuta ujumbe wake, anahama na namba ya simu.

Haya, twende kwenye sheria yenyewe, na nitajaribu kuongea lugha ya kawaida. Mwaka 1856 Uingereza kulikuwa na kesi ya karani mwingine, huyu alikuwa amefanya kazi kwa madalali wa sufu, kesi inaitwa Gartside dhidi ya Outram. Mabosi wake wa zamani walikwenda mahakamani wakitaka azuiwe kutumia aliyoyajua kazini, yeye akajibu kwamba hawa walikuwa wanawaibia wateja wao. Jaji akasema maneno ambayo mawakili wanayarudia mpaka leo, kwamba hakuna usiri katika kuficha uovu, yaani huwezi kumfanya mtu awe mshirika wa siri ya jinai yako kwa mkataba. Hiyo ni 1856! Sisi Kenya mahakama zetu zimerithi kanuni za Kiingereza kwa hiyo hoja hiyo unaweza kuisimamisha Nairobi au Mombasa. Tanzania nao wana Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, imefuata ile ya India ya 1872, na inasema wazi kwamba makubaliano yanayokwenda kinyume na maslahi ya umma ni batili. Kwa hiyo jibu la kwanza ni hilo: kipengele kinachokuzuia kuripoti kosa la jinai hakina maana yoyote mbele ya jaji, hata ukikisaini mara kumi, hata ukikisaini mbele ya wakili.

Kwa wale wanaoogopa kuhusu kazi ya pili, yaani ukiacha hapa ukaenda kwa mshindani, kuna kesi nyingine ya Uingereza naipenda sana, Faccenda Chicken dhidi ya Fowler, ikaamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1986. Huyu Fowler alikuwa meneja mauzo wa kampuni ya kuku, wazo la kuzungusha kuku freshi kwa magari yenye friji lilikuwa lake, akaacha kazi, akaanzisha biashara yake ileile, na wafanyakazi kadhaa wakamfuata. Kampuni ikashtaki kwamba ameondoka na bei, njia za magari na mahitaji ya wateja. Ikashindwa. Mahakama ikasema kuna siri kubwa kama fomula ya kiwandani ambayo hutaitoa hata baada ya kuacha kazi, na kuna ujuzi wa kawaida uliojengeka kichwani mwako kwa kufanya kazi, huo ni wako, unaondoka nao, hakuna mtu anaweza kukufungua kichwa akautoa. Ila mjue Fowler hakuwa na kipengele cha kumzuia kwenye mkataba wake, ukiwa nacho mambo yanabadilika kidogo. Kenya kuna sheria ya zamani, Sura ya 24, juu ya mikataba inayomzuia mtu kufanya kazi au biashara halali, na inampa jaji ruhusa ya kukifuta kipengele kama si cha busara, anaangalia aina ya kazi, muda, na eneo. Miezi sita ndani ya Mombasa kwa meneja aliyekuwa anashika wateja wakubwa, jaji anaweza kukubali. Miaka mitano Afrika Mashariki nzima kwa kijana wa kupokea simu? Hapana. Na ndio maana waandishi wa mikataba wajanja siku hizi hawaandiki kabisa kwamba usifanye kazi kwa mshindani, wanapanua tu maana ya siri mpaka kila unachokijua kinakuwa siri, halafu matokeo ni yaleyale. Hilo mliangalie sana.

Sasa nije Nairobi, maana hii ndiyo kesi ya zama zetu. Wengi mmesikia habari za wale vijana waliokuwa wanachuja video na picha za Facebook wakiwa wameajiriwa na kampuni ya Sama, iliyokuwa inafanya kazi hiyo kwa niaba ya Meta, wenye Facebook. Kazi yao ilikuwa kuangalia yale ambayo mimi na wewe hatutakiwi kuyaona, watu wanachinjwa, watoto wanadhulumiwa, siku nzima, na jarida la TIME liliripoti Februari 2022 kwamba wengine walikuwa wanabaki na kama dola 1.50 kwa saa. Walikuwa wamesainishwa karatasi za siri. Daniel Motaung, kijana kutoka Afrika Kusini, alijaribu kuwakusanya wenzake wadai haki yao mwaka 2019 akafukuzwa, na 2022 akaamua kuongea kwa jina lake na sura yake, kisha Mei mwaka huo akafungua kesi Nairobi dhidi ya Sama na Meta. Kampuni zinakanusha madai yake, na hiyo ni haki yao kujitetea. Lakini mjue kwamba upande wa Meta ulifika hadi kuiomba mahakama imzuie asiongee hadharani juu ya kesi yake mwenyewe.

Mahakama ya Ajira na Kazi ilisema Februari 2023 kwamba Meta inaweza kushtakiwa hapa Kenya, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Katikati hapo wafanyakazi wengine 184 nao wakaenda mahakamani, na Mei Mosi 2023 zaidi ya 150 wakakutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Desemba 2024 zikatoka ripoti za daktari zilizowasilishwa mahakamani, zaidi ya 140 kati yao wamekutwa na ugonjwa wa akili unaotokana na kuona mambo ya kutisha. Zaidi ya 140, ndugu zangu. Fikirieni kama kila mmoja angeitii ile karatasi jinsi ilivyoandikwa. Mke anaona mumewe anaamka usiku anapiga kelele, anamuuliza una nini, naye anajibu siruhusiwi kusema. Daktari anauliza umeona nini, jibu ni lilelile. Chama kisingeundwa maana huwezi kuunda chama na mtu ambaye huruhusiwi kumwambia unachopitia. Hapo karatasi ilikuwa inalinda nini, teknolojia? Nani anaiba teknolojia kwa kumwambia daktari kwamba halali usingizi?

Na kuna jambo moja kuhusu Motaung linanisumbua. Kwao Afrika Kusini, tangu mwaka 2000 wana sheria ya kulinda wanaotoa taarifa, na sheria hiyo inasema kipengele chochote cha mkataba wa kazi kinachomzuia mfanyakazi kutoa taarifa ya uovu inayolindwa na sheria hiyo, au hata kinachomvunja moyo tu asiitoe, ni batili. Uingereza wana kitu kama hicho tangu 1998. Uganda wana sheria yao ya 2010, Tanzania wakapitisha ya watoa taarifa na mashahidi mwaka 2015. Sisi Kenya, nchi ya Munyakei, tuna vipande vipande, Sheria ya Hongo ya 2016 inasema ukimtisha mtu aliyetoa taarifa ya hongo unaweza kupigwa faini hadi milioni moja au kifungo hadi mwaka mmoja, na Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kumpeleka mwajiri wako mahakamani au kumlalamikia si sababu halali ya kukufuta, isipokuwa kama malalamiko hayana kichwa wala miguu. Lakini sheria moja kamili ya kuwalinda watoa taarifa imekuwa mswada juu ya mswada. Wabunge wakija hapa kuomba kura muwaulize hilo.

Niwape na ya Marekani fupi. Mwaka 2015 kampuni ya KBR ya Houston ilitozwa dola 130,000 na ile tume yao inayosimamia masoko ya hisa, kwa sababu kwenye uchunguzi wa ndani ilikuwa inawasainisha mashahidi kwamba wakiongea na watu wa nje bila ruhusa ya idara ya sheria wanaweza kuadhibiwa hata kufukuzwa. Tume yenyewe ilisema haijui mfanyakazi hata mmoja aliyezuiwa kweli kutoa taarifa. Kosa lilikuwa maneno yenyewe kuwepo kwenye karatasi. Mimi nataka mawazo hayo yafike huku, kwamba kuandika kipengele cha kutisha ambacho unajua hakisimami mahakamani liwe ni kosa lenyewe, mwajiri aadhibiwe hata kabla mtu hajanyamazishwa.

Aina ya pili ya hizi karatasi ni ile ya mwisho wa kazi, na hii ni mbaya zaidi. Kuna dada mmoja wa hoteli huku Pwani, sitamtaja wala hoteli sitaitaja, alinijia na karatasi yake ameikunja mara nne kaitia kwenye mfuko wa plastiki wa dawa. Meneja alikuwa amemsumbua kimapenzi miezi, akalalamika, wakamwita wakampa mshahara wa miezi mitatu asaini aondoke na asimwambie mtu kwa nini ameondoka, na kama akimwambia mtu atatakiwa kulipa milioni mbili. Mshahara wake ulikuwa elfu ishirini na nane. Hakuniuliza juu ya kesi wala fidia, aliniuliza tu, je naweza kumwambia mama yangu?

Nikamwambia unaweza kumwambia mama yako, na daktari, na wakili, na unaweza kwenda polisi kesho asubuhi, maana unyanyasaji wa kingono ni kosa chini ya sheria ya makosa ya ngono ya 2006 na Sheria ya Ajira nayo imeukataza, na hela za kumnyamazisha mtu asiripoti jinai hazijengi mkataba halali. Hiyo milioni mbili nayo ni ya kutishia watu, mahakama inauliza hasara ya kweli ya mwajiri ni ngapi, na ikiona namba imewekwa kama adhabu tu inaikataa. Zelda Perkins aliyefanya kazi kule London kwa Harvey Weinstein, yule mtayarishaji filamu wa Marekani aliyetuhumiwa kunyanyasa wanawake wengi, alisaini ya namna hii 1998, hakuruhusiwa hata kubaki na kopi yake kamili, akanyamaza mpaka 2017. Karibu miaka ishirini. Na muda wote huo wanawake wengine waliendelea kuingia kwenye ofisi ileile bila mtu wa kuwaonya.

Sitaki kuwadanganya kwamba kila malipo ya mwisho yenye usiri ni mabaya. Wapo wafanyakazi ambao wenyewe wanataka jina lao lisitajwe, na kiasi cha pesa kubaki siri si jambo la kupigania. Usiri ukiombwa na aliyeumizwa mimi nauheshimu. Ninachokataa ni ule unaolazimishwa na aliyeumiza.

Sasa nyinyi mfanye nini. Ukipewa karatasi omba siku moja, sema kwa adabu, naomba niisome nyumbani, na kama anakataa mwombe akuandikie kwa barua pepe kwamba amekataa, utashangaa jinsi watu wanavyobadilika ukisema neno barua pepe. Tafuta imesema siri ni nini hasa, kama imesema kila kitu basi omba waorodheshe. Tafuta mwisho wake ni lini. Halafu omba waongeze mstari mmoja tu, kwamba hakuna kilichomo humu kinachomzuia mfanyakazi kuongea na daktari, wakili, chama cha wafanyakazi, afisa wa leba, polisi au mamlaka yoyote ya serikali. Mwajiri mwaminifu hana sababu ya kuukataa mstari huo. Akiukataa ameshakujulisha kitu.

Na kama umeshasaini zamani, usikurupuke ukaanza kumwaga kila kitu mtandaoni leo jioni, hapo ndipo watu wanaumia. Taarifa ya uovu ipeleke mahali panapohusika, leba kama ni ya kazi, EACC, tume ya kupambana na ufisadi, kama ni hongo, polisi kama ni jinai, peleka ile inayohusu uovu tu, usibebe faili za wateja ambazo hazihusiani, usitumie laptopu ya kazi wala barua pepe ya kazi, na andika tarehe za kila kitu kwenye daftari lako mwenyewe. Jaji akija kupima kama ulikuwa mtoa taarifa au mlipiza kisasi, ataangalia ulimwambia nani, na ulimwambia kiasi gani.

Nyinyi mnaoajiri, najua mpo hapa, wengine mnanunua mikataba ya kwenye intaneti iliyoandikiwa kampuni ya Texas, mnabadilisha jina tu. Ikifika kortini itawaangukia. Andikeni siri zenu za kweli kwa majina, wekeni muda, wapeni watu kopi, na Katiba ya Kenya kifungu cha 41 imempa kila mtu haki ya kutendewa haki kazini, jaji wa kazi anaisoma kabla hajausoma mkataba wako.

Wenzangu wako pale meza ya nyuma mpaka saa kumi na moja, wenye mikataba yao njooni tuisome pamoja. Leteni kopi, orijino ibaki nyumbani.